Ethi ya nyumba ya zamani haipimwi kwa macho

Katika nyumba nyingi za zamani za miji yetu ya pwani, watu wameshajifunza kuishi na umeme unaovuja. Wanavaa kandambili kabla ya kufungua friji. Bomba la bafuni linafungwa kwa kitambaa kikavu. Mtoto anakatazwa kugusa kompyuta akiwa pekupeku kwa sababu "inatekenya". Mgeni akirushwa, wenyeji wanacheka, kisha wanamwonyesha mahali salama pa kushika. Mazoea yamekuwa makubwa kiasi kwamba hakuna anayeuliza kwa nini nyumba inayonunuliwa umeme kila wiki iwe inawauma wanaoishi ndani yake.

Mara nyingi chanzo ni ethi: waya unaotoka kwenye magamba ya chuma ya vyombo vyetu, ukapita kwenye soketi na bodi ya breka, ukaishia kwenye nondo iliyopigiliwa ardhini nje ya nyumba. Waya huu hauwashi taa wala hauzungushi feni. Ukikatika leo, kila kitu ndani ya nyumba kitaendelea kufanya kazi kama jana. Ndiyo maana unaweza kukaa miaka 20 ukiwa umekufa bila mtu kujua, mpaka siku chombo kitakapoharibika na mtu akakigusa.

Ethi ya nyumba za zamani inapozungumzwa, husikika kauli mbili. Mwenye nyumba anasema nyumba imesimama miaka 50 na haijaua mtu, basi iachwe. Fundi anafungua soketi moja, anaona waya mwembamba wa kijani, anatangaza kwamba nyumba nzima ibomolewe kuta na kufanyiwa wayaringi upya. Wote wawili wamehukumu kwa macho. Ninachotaka kusema ni kwamba ethi ya zamani lazima ipimwe kwa vifaa, namba ziandikwe, kisha uamuzi ufuate namba hizo. Na kwa nyumba za kupangisha, kupima huko kusiachiwe hiari ya mwenye nyumba. Kuwe ni sharti.

Tuanze na namna ethi inavyofanya kazi, maana hapo ndipo watu wengi wanapotea. Wengi wanaamini kwamba ukipigilia nondo ardhini, umeme ukivuja utaingia chini na breka itakata. Kwa nyumba inayotegemea nondo yake yenyewe, imani hiyo si sahihi. Umeme hauishii ardhini. Unapita ardhini kurudi kwenye transfoma ya mtaa, na ardhi ina ukinzani mkubwa.

Chukua nondo ya kawaida ya mita 1.2, yenye unene wa milimita 16, kwenye udongo wa wastani wenye ukinzani mahsusi wa omu-mita 100. Ukipiga hesabu, nondo hiyo peke yake inakuwa na ukinzani wa omu 72 hivi. Tuseme ethi ya transfoma ina omu 10. Sasa laivu ikigusa gamba la friji, volti 230 zinasukuma mkondo kupitia omu 82, na mkondo unaopatikana ni ampia 2.8. Breka ya soketi ya ampia 32, ile ya aina B, inahitaji kama ampia 160 ili ikate papo hapo. Ampia 2.8 hazifiki hata moja ya kumi ya uwezo wake wa kawaida. Breka haitashtuka. Friji litabaki limesimama jikoni, na gamba lake litakuwa na volti 200.

Volti 200 kwenye mpini wa friji, na breka mpya kabisa zimejipanga ukutani zikiwa zimewashwa zote. Miliampia 30 zikipita kifuani kwa muda zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na mtu aliyesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji anaweza kupitisha zaidi ya hizo mara kadhaa. Wakati huohuo ampia 2.8 zinazomwagika ardhini ni sawa na wati zaidi ya 600 zinazoliwa usiku na mchana, yaani zaidi ya yuniti 15 kwa siku. Familia inalalamika kwamba LUKU, umeme wa kulipia kabla, inaisha haraka, inaitupia lawama mita, kumbe mvujo uko jikoni kwao.

Hapa ndipo swali la unene wa waya linapopata mahali pake. Ikiwa mkondo wa kuvuja ni ampia 2.8 tu, hata waya wa milimita moja ya mraba unaubeba bila kupata joto. Kwa nyumba kama hiyo, kubadilisha nyaya zote za ethi ndani ya kuta ukaweka nene hakutapunguza hata volti 5 kwenye gamba la friji, kwa sababu ukinzani uko kwenye udongo. Mwenye nyumba atakuwa amechimba kuta, amepaka rangi upya, ametumia fedha za mwaka mzima, na hatari imebaki palepale.

Simaanishi kwamba unene hauna maana. Kuna mahali ambapo wembamba wa waya ni kosa lisilovumilika. Mahali pa kwanza ni waya mkuu wa ethi, ule unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye nondo. Huu unapita nje, unapigwa jua, unakanyagwa, unachimbwa na jembe la mtunza bustani, unaliwa na chumvi. Majedwali ya kanuni za Uingereza, ambazo mafundi wetu wengi wamezisomea, yanataka waya wa shaba uliofukiwa bila kinga yoyote dhidi ya kutu usipungue milimita 25 za mraba. Ukikingwa dhidi ya kutu lakini haukukingwa dhidi ya kupigwa na kukatwa, usipungue 16. Ukiwa umekingwa vizuri ndani ya paipu, hesabu inaweza kuruhusu mdogo zaidi. Unene huo umewekwa ili waya udumu, kwa kuwa mkondo wenyewe ungeweza kubebwa na waya mdogo kuliko huo. Ukiona nyumba ambayo waya wake mkuu wa ethi ni wa moja na nusu, umelala juu ya mchanga bila paipu, huna haja ya kipimo ili ujue kwamba lazima uondolewe.

Mahali pa pili ni nyumba ambazo ethi yake imeunganishwa na nyutro ya shirika la umeme kwenye sehemu ya kuingilia, kwa utaratibu unaokubalika. Huko mkondo wa hitilafu haupiti kwenye udongo. Unarudi kwenye transfoma kupitia nyaya za chuma, na unaweza kufika mamia ya ampia. Tuseme ni ampia 460, na breka inakata ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mkondo unazidishwa kwa wenyewe, kisha kwa muda. Unatafuta kipeuo cha pili cha jibu, unagawa kwa 115, ambayo ni namba ya waya wa shaba uliomo ndani ya kebo ya plastiki. Unapata karibu milimita 1.3 za mraba. Waya wa ethi wa milimita 1.5 unafaulu. Wa milimita 1.0 unafeli, na unaweza kupata joto la kuyeyusha plastiki yake kabla breka haijakata.

Nusu milimita ya mraba imetenganisha usalama na hatari. Nani ataitambua tofauti hiyo kwa kuchungulia ndani ya soketi yenye vumbi la miaka 40? Na fundi akiitambua, bado hawezi kusema kama inatosha bila kujua mkondo wa hitilafu ni kiasi gani na breka inakata kwa muda gani. Ndiyo maana nasisitiza kipimo. Waya uleule mwembamba unaweza kutosha katika nyumba ya kwanza na ukawa hatari katika nyumba ya pili ng'ambo ya barabara.

Nyumba hizi zilifungwa umeme kwa kanuni za wakati wake. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilifuata kanuni za wahandisi wa umeme wa Uingereza. Hadi toleo la 14 la mwaka 1966, kanuni hizo hazikulazimisha ethi kwenye saketi za taa kwa jumla. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa miaka ya 1950 ambayo swichi zake za taa hazina ethi haikudhulumiwa na fundi, ndivyo ilivyoruhusiwa. Baadaye, kebo bapa za milimita 2.5 zilitengenezwa kwa miaka mingi zikiwa na ethi ya milimita 1.0 ndani yake, mpaka hesabu zilipoonyesha kwamba haitoshi kwa baadhi ya fyuzi na ikaongezwa hadi 1.5. Katika majengo mengine ya enzi hizo hakuna hata waya wa ethi, maana paipu la chuma lililobeba nyaya ndilo lililotumika kama ethi. Paipu hilo likiwa jipya ni njia bora kuliko waya. Likikaa miaka 50 karibu na bahari, viungo vyake vinashikwa na kutu, na kiungo kimoja tu kikiachia, vyumba vyote vya mbele yake vinabaki bila ethi.

Nyumba nyingine zilifunga ethi kwenye bomba la maji la chuma lililotoka mtaani. Likaja bomba la plastiki, fundi bomba akakata la chuma na kuunganisha jipya, akafanya kazi yake vizuri na kuondoka. Hakujua kwamba ameondoka na ethi ya nyumba nzima.

Na matumizi nayo yamebadilika. Nyumba iliyofungwa kwa ajili ya taa sita, redio na pasi, leo ina friji mbili, pampu ya maji, mashine ya kufulia, kiyoyozi na hita ya bafuni inayochemsha maji papo hapo. Ndani ya hita ya aina hiyo maji yanapita juu kabisa ya koili ya umeme. Ukiweka kifaa hicho kwenye nyumba isiyo na ethi ya kuaminika na isiyo na breka ya mvujo, ile inayokata umeme unapovuja, umemsimamisha mtu chini ya maji yaliyotoka kugusana na umeme.

Nilikuwapo siku fundi kijana alipoitwa katika nyumba ya vyumba sita huko Ilala. Friji la bibi mwenye nyumba lilikuwa linarusha. Kijana alimwamkia bibi, akatoa holda yenye taa ya wati 60, akachomeka waya mmoja kwenye laivu ya soketi na wa pili kwenye ethi. Taa ikawaka.

"Bibi, ethi ipo. Umeona taa ilivyowaka?"

"Sasa mbona friji linanirusha, mjukuu wangu?"

"Hilo friji lenyewe limekwisha, bibi. Nunua jingine."

Kijana yule hakuwa tapeli. Alifanya alichofundishwa na fundi aliyemlea, na jaribio hilo la taa linafanywa kila siku katika miji yetu. Lakini halithibitishi anachodhani linathibitisha. Taa ya wati 60 ikiwa imewaka ina ukinzani wa karibu omu 880. Ikiunganishwa na ethi mbovu ya omu 300, bado inapata volti 170 na inang'aa vya kutosha kumridhisha yeyote aliyesimama pale. Taa ya LED ndiyo inadanganya zaidi, maana inawaka hata kwa miliampia chache. Kibaya zaidi, wakati taa inawaka, magamba yote ya chuma yaliyofungwa kwenye ethi hiyo yanapandishwa hadi karibu volti 60. Aliyeshika mpini wa friji wakati huo anajaribiwa pamoja na ethi.

Baadaye alikuja fundi mwingine, mtu mzima, na kipimo cha ethi chenye nyaya tatu na pini mbili za kuchoma ardhini. Tulizunguka nyuma ya nyumba. Ncha ya nondo ilikuwa imechomoza kwa urefu wa kidole karibu na karo la kufulia. Klempu ilikuwa imeota kutu ya kijani, na waya wa moja na nusu ulikuwa umezungushwa pale kwa kipande cha waya wa kufungia nondo za zege. Kipimo kwenye upande wa waya kikasoma omu zaidi ya 300. Fundi alipoushika waya kwa vidole viwili, ukakatikia mkononi mwake.

Akaisugua ncha ya nondo kwa msasa mpaka ikang'aa, akapima nondo yenyewe. Omu 80. Nondo ilikuwa nzima; kilichokuwa kimekufa ni kiungo. Akafunga klempu mpya ya shaba, akaleta waya wa 16 ndani ya paipu la plastiki mpaka kwenye bodi, akapima mwendelezo wa ethi soketi kwa soketi. Nyaya nyembamba za ukutani alizikuta nzima, zimefika kila mahali, akaziacha. Mwisho akaweka breka ya mvujo, ile RCCB yenye kitufe cha T, ya miliampia 30. Alipochomeka friji, ikakata hapohapo. Nyuma ya friji, waya mmoja karibu na kompresa ulikuwa umechubuka ganda. Ukarekebishwa. Bibi hakununua friji jingine, na hakuna ukuta uliochimbwa.

Nyumba ile ilihitaji vipimo vitano, na ndivyo inavyohitaji kila nyumba ya zamani. Kwanza ukaguzi wa macho umeme ukiwa umezimwa: nondo iko wapi, klempu ikoje, waya mkuu una unene gani, bomba za chuma zimefungwa kwenye ethi au la. Pili, mwendelezo wa waya wa ethi kutoka kwenye bodi hadi kila soketi, kila swichi ya chuma na kila kifaa kilichofungwa moja kwa moja. Tatu, uimara wa maganda ya nyaya kwa mega ya volti 500, ambapo usomaji chini ya megaomu moja ni ishara ya kwamba waya umechoka. Nne, ukinzani wa nondo, au wa mzunguko mzima wa hitilafu pale ambapo ethi inarudi kwa nyutro. Tano, breka ya mvujo yenyewe: inakata kwa miliampia ngapi, na baada ya muda gani. Bisibisi ya testa haiwezi kufanya hata kimoja cha vipimo vinne vya mwisho.

Breka ya mvujo inastahili maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo ukombozi wa nyumba za zamani. Katikati ya miaka ya 1950 mhandisi Henri Rubin wa Afrika Kusini aliunda kifaa cha aina hii chenye kuaminika kwa ajili ya migodi ya dhahabu, kabla teknolojia hiyo haijaingia majumbani. Kinafanya kazi kwa kulinganisha. Umeme unaoingia kwa laivu lazima urudi wote kwa nyutro. Ukipungua, hata kwa sehemu ndogo tu ya ampia moja, maana yake unapita mahali pengine, pengine kwenye mwili wa mtu, na kifaa kinakata. Kwa breka ya miliampia 30, nondo yenye omu 72 inatosha kabisa. Kwa hesabu ya kikomo cha volti 50, hata omu 1,667 zingekubalika, ingawa mafundi makini hawataki kuvuka 200, kwa kuwa udongo ukikauka namba hupanda.

Lakini kitufe cha T kisitupumbaze. Kitufe hicho kinajaribu mtambo wa breka yenyewe kwa kupitisha mkondo mdogo ndani yake. Hakigusi nondo wala waya wa ethi. Breka inaweza kukata vizuri kwa kitufe huku ethi ikiwa imekatika, na katika hali hiyo friji lililoharibika litangoja mtu aliguse ndipo breka ikate. Atapigwa kwanza, aokolewe baadaye. Ethi nzima inafanya breka ikate kabla ya mtu kufika. Kwa hiyo breka na ethi vinahitajiana, na kipimo cha kimoja hakitoshi kwa kingine.

Ardhi yetu nayo ina tabia zake. Mchanga mkavu wenye ukinzani mahsusi wa omu-mita 1,000 unaifanya nondo ileile ya mita 1.2 kuwa na omu zaidi ya 700. Ukiunganisha nondo ya pili juu yake ili kufika mita 2.4, ukinzani unapungua kwa zaidi ya theluthi moja, na ikifika kwenye unyevu wa kudumu unapungua zaidi. Karibu na bahari kuna mtego mwingine. Udongo wenye chumvi unapokea umeme vizuri, na chumvi hiyohiyo inakula klempu na waya. Ndiyo maana nondo ya pwani inaweza kupimwa vizuri mwaka huu na baada ya miaka michache ikawa imeachana na waya wake. Kumwaga chumvi na mkaa kwenye shimo, kama wengi wanavyofanya, hushusha namba kwa muda, lakini masika huisafisha chumvi na kutu inabaki. Na anayetaka ukweli wa nondo yake apime kiangazi kinapoishia, udongo ukiwa umekauka. Namba nzuri ya mwezi Aprili haina cha kumwahidi mtu wa mwezi Oktoba.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulitaja kwa upole. Wapo mafundi ambao wakikuta soketi haina ethi, wanaunganisha tundu la ethi na nyutro ndani ya soketi hiyohiyo kwa kipande cha waya. Kipimo rahisi kitaonyesha kwamba ethi ipo. Lakini siku nyutro itakapoachia, iwe kwenye nguzo au kwenye bodi, gamba la kila chombo kilichochomekwa hapo litapata volti 230 kamili, bila chombo chochote kuwa kibovu. Huko ni kumtega mtu aliyekulipa. Fundi anayefanya hivyo hastahili kuitwa tena kwenye nyumba yoyote.

Nasikia hoja ya gharama, na ni hoja ya kweli. Wenye nyumba wengi wa zamani ni wazee wanaotegemea kodi ya vyumba viwili vitatu. Kwa ajili yao hasa ndiyo nasema tupime kwanza. Vipimo vinatuambia fedha ziende wapi na kwa utaratibu gani. Breka ya mvujo itangulie, kwa kuwa inaokoa maisha siku hiyohiyo. Zifuate nondo, klempu na waya mkuu, ambazo ni kazi ya siku moja nje ya nyumba. Kisha bomba za chuma zifungwe kwenye ethi kwa waya wa milimita 10. Saketi ambayo ethi yake imekatika au haitoshi kwa hesabu ibadilishwe peke yake, tukianza na bafu na jiko. Ile ambayo waya wake ni mwembamba lakini umepimwa ukatosha, iachwe, na namba yake iandikwe. Fundi anayeshauri kubomoa kila ukuta bila kuonyesha hata kipimo kimoja anamgharimu mzee huyu kama yule anayemwambia hakuna tatizo.

Serikali nazo zina sehemu yao. Tanzania ina Sheria ya Umeme ya 2008, na mamlaka ya udhibiti, EWURA, inatoa leseni kwa mafundi na wakandarasi wa umeme. Kenya ina EPRA kwa kazi kama hiyo. Maombi ya kuunganishwa umeme yanapitia kwa mkandarasi mwenye leseni, na huo ni msingi mzuri. Tatizo ni kwamba, kwa yanayoonekana mitaani, mlango wa ukaguzi hufungwa siku nyumba inapounganishwa. Nyumba inaongezwa vyumba vya uani, inabadilishiwa mabomba, inauzwa, inarithiwa, inapangishwa kwa familia tano, na hakuna anayerudi kupima.

Wenzetu wameshalitatua kwa njia zisizo ngumu. England, tangu kanuni za mwaka 2020, mwenye nyumba ya kupangisha lazima mfumo wake wa umeme ukaguliwe na mtu mwenye sifa angalau kila baada ya miaka 5, na mpangaji apewe nakala ya ripoti. Afrika Kusini, kwa kanuni za mwaka 2009, nyumba haibadilishi umiliki kwa cheti cha usalama wa umeme kilichozidi miaka miwili. Hatuhitaji kunakili kila kitu. Tunahitaji mambo matatu: cheti cha vipimo kila nyumba ya zamani inapouzwa au kupangishwa kwa mpangaji mpya, kipimo kipya kila inapofungwa hita ya maji, kiyoyozi au pampu, na kadi ndani ya bodi ya breka yenye tarehe, omu za nondo, muda wa kukata wa breka ya mvujo na namba ya leseni ya aliyepima. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962 na lenye majengo mengi ya umri huo, lingeweza kuanza kwa kubandika kadi hizo kwenye majengo yake, na wamiliki binafsi wangekosa kisingizio.

Vyuo vya ufundi navyo visimpe kijana cheti cha umeme wa majumbani kama hajashika kipimo cha ethi kwa mikono yake na kuandika ripoti ya nyumba halisi. Kipimo ni ghali kwa fundi mmoja, lakini mafundi watano wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga wakanunua kimoja na kurudisha gharama yake kwa ada za ukaguzi ndani ya muda mfupi. Hii ni biashara halali inayosubiri watu wa kuifanya.

Wakati sheria hazijafika, mpangaji ana swali moja la kuuliza kabla ya kutoa fedha: ethi ya nyumba hii ni omu ngapi, na nani alipima, lini? Akijibiwa "ipo", ajue hajajibiwa. Na mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo ana uwezo wa kulipia siku moja ya vipimo kutoka kwenye kodi hiyohiyo. Anauza mahali pa kulala, kuoga na kulelea watoto. Kuhakikisha kwamba mahali hapo hapamuui aliyelipia ni sehemu ya bidhaa, na mpangaji ana haki ya kuidai.